Kaka kapimwa homa ya ini kwa kimashine cha kushika mkononi eti kinatumia mwanga, ndo hizi bayosensa wanazosema?

Mwana_Uyole

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisikilize maana hapa nyumbani tumegawanyika na sijui nimwamini nani.

Kaka yangu mkubwa mwezi wa sita alienda kumchangia damu mjomba aliyekuwa anafanyiwa upasuaji, baadae wakampigia simu wakamwambia damu yake haitatumika, ana homa ya ini B, wakampa karatasi aende kliniki. Badala ya kwenda kliniki rafiki yake akampeleka kwa jamaa mmoja anauza unga wa mitishamba, yule jamaa ana kimashine unashika kijiti cha chuma mkononi kimeunganishwa na laptop, dakika moja tu inatoka karatasi, ini, figo, kongosho, mpaka mifupa. Siku ya kwanza ikaandika virusi vya ini vimezidi kiwango, kaka akanunua unga wa laki mbili na arobaini. Juzi karudi kushika tena kijiti, ikaandika ini safi virusi hakuna. Sasa ana furaha huyo, hataki kusikia habari ya kliniki, anasema hospitalini wanatumia vipimo vya zamani vya kuchoma kidole, hii ni teknolojia mpya inapima kwa mwanga.

Mi nikaingia mtandaoni nikiwa nimejiandaa kabisa kumpinga, nikakuta kweli wanasayansi wana kitu kinaitwa bayosensa za mwanga, wanatafuta virusi vya homa ya ini kwa kutumia leza na dhahabu. Nikaishiwa nguvu. Kwahiyo naomba kujua, hizi bayosensa ni za kweli? Ndo hicho kimashine cha jamaa? Na kama ni za kweli mbona hospitalini kwetu hazipo?

Kinachoniumiza zaidi ni shemeji, ana mimba ya miezi mitano na sijui kama kliniki walimpima hepa B.

FundiMaabara_Dom

Mkuu pole sana. Naanza na la mwisho maana ndo la haraka, shemeji yako apimwe wiki hii, asisubiri kaka yako abadili mawazo.

Sasa kuhusu kijiti. Mimi ni mtu wa maabara mwaka wa kumi na moja huu, nakuambia kirusi cha hepa B hakitoki kupiga hodi kwenye kiganja. Kinakaa kwenye ini na kwenye damu. Kipimo chochote cha kukitafuta, kiwe cha mwanga, cha umeme au cha nini, lazima kiguse sampuli, na lazima kiwe na kitu cha kukamatia kirusi, yaani kingamwili (protini ya ulinzi wa mwili) inayoshika protini ya ganda la kirusi, ile tunayoandika HBsAg kwenye fomu, au kipande cha jini, yaani vinasaba, kinachofanana na jini lake. Kijiti cha chuma hakina chochote cha kukamatia. Hakuna damu, hakuna kingamwili, hakuna kipimo hapo.

Alafu hilo la "hospitali wanatumia vya zamani, hiki ni cha mwanga", mwambie kaka kwamba vipimo vya hospitali karibu vyote ndo vya mwanga. Ile kaseti ya haraka, mstari mwekundu unaotokea pale ni dhahabu. Dhahabu kabisa, chembe ndogo za nanomita kama 40 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), zikiwa ndogo hivo hazionekani za njano, zinakuwa nyekundu kwa sababu ya namna zinavyocheza na mwanga. Chembe zimebandikwa kingamwili, zinamshika HBsAg kwenye damu yako, zinatembea naye kwenye karatasi mpaka kwenye mstari ambapo zinanaswa, zikirundikana pale unaona wekundu. Msomaji ni jicho lako. ELISA, kipimo cha benki ya damu, nayo ni rangi, visima 96, panapogeuka njano mashine inapitisha mwanga wa nanomita 450 na kupima umemezwa kiasi gani. Ile GeneXpert tunayoijua kwa kifua kikuu ina katriji ya kuhesabu virusi vya hepa B, nayo kazi yake ni kusoma mng'ao wa rangi kila jini linapoongezeka maradufu, ndani ya saa moja unapata namba.

Kwahiyo aliyemkuta kaka yako na homa ya ini mwezi wa sita alimkuta kwa mwanga, tena wenye ushahidi.

Binti_wa_Ifakara

Mimi kile kijiti nimeshika mara mbili siku moja. Kinaombaga umri, urefu na kilo kabla hujashika. Mara ya kwanza nikasema nina miaka 31, ikaja karatasi safi. Nikatoka nikarudi jioni kwa mtu mwingine mwenye kimashine kilekile nikasema nina miaka 58, nikaambiwa ini limechoka, mifupa imeisha na nina sumu mwilini, nikauziwa makopo manne ambayo sikununua. Mikono ilikuwa ileile. Naomba umwambie kaka afanye hivo hivo kabla ya kubishana na wewe, kubishana kwenye mambo ya afya kunaleta ugomvi tu, akione kwa macho yake.

NuruNaDhahabu

Habari zenu. Hili swali limenigusa kwa sababu ndo kazi yangu, niko Sweden nasomea fizikia ya vipimo na miaka mitatu hii nimekaa mbele ya hizo bayosensa. Mwana_Uyole uliyosoma ni ya kweli usijilaumu, na naelewa kwa nini maneno yale yanafanana na ya yule muuza unga, wamekaa kwenye maneno yetu na kuyaazima.

Niwaelezee moja inavyofanya kazi. Unachukua kioo, unakipaka dhahabu nyembamba sana, nanomita 50 hivi, unywele wa mtu ni zaidi ya mara elfu moja ya hapo. Chini ya kioo unaweka prizimu, kipande cha kioo cha pembe tatu, unapiga mwanga kwa chini urudi kama kwenye kioo cha kujitazamia. Ukizungusha pembe polepole unafika sehemu moja ambapo mwanga haurudi, dhahabu imeumeza, elektroni za juu ya dhahabu zinatikisika zote pamoja kama mawimbi ya ziwa. Hiyo pembe inategemea kitu gani kimekaa juu ya dhahabu upande wa pili. Ukibandika kingamwili za HBsAg juu ya dhahabu, ukapitisha seramu ya mgonjwa, yaani maji ya damu bila seli, antijeni, yaani hiyo HBsAg, ikianza kunaswa pembe inasogea. Kidogo mno, sehemu ndogo ya digrii moja, ila inasogea na unaiona kwenye skrini palepale dakika kwa dakika, bila kuweka rangi wala kusubiri. Mwaka 1983 Liedberg, Nylander na Lundström, hapa hapa Sweden kule Linköping, ndo walionyesha kwamba mbinu hii inafaa kwa mambo ya kibaiolojia, na mwaka 1990 mashine za Biacore zikaanza kuuzwa. Yaani sio kitu cha jana. Kina umri wa mtu mzima mwenye familia.

Kwa nini basi hazipo hospitali ya wilaya baada ya miaka yote hiyo? Hapa ndo mi naumia. Dhahabu ile inahisi kila kitu kinachokaa karibu nayo, kama nanomita 200 hivi kutoka juu yake, haichagui. Kwenye mililita moja ya seramu kuna albumini, protini ya kawaida ya damu, kama miligramu 40, ambazo ni nanogramu milioni 40, na HBsAg ninayoitafuta kwa mtu mwenye kirusi kidogo ni nanogramu chache tu. Ni sawa na kumtafuta mtoto mmoja aliyepotea kwenye umati wa milioni 40, na kila mmoja kwenye umati anakugusa bega. Albumini ikijibandika kwenye dhahabu pembe inasogea vilevile, mashine inasema kuna kitu, na kitu chenyewe sio kirusi. Ndo maana karatasi nyingi za utafiti zinaonyesha matokeo mazuri ajabu kwenye maji safi yenye chumvi, ukifika kwenye damu ya mtu halisi uzuri unapungua, na mimi nikisoma utafiti kitu cha kwanza naangalia ni hicho, walipima kwenye nini. Kama ni kwenye maji tu nashukuru naendelea na kazi zangu.

Kitu cha pili ni joto. Maji yakipanda digrii moja tu, namna yanavyopinda mwanga inabadilika kwa karibu 0.0001, unaona ni namba ndogo lakini ishara ya antijeni chache inaweza kuwa ndogo kuliko hiyo. Hapa maabara tuna kifaa kinashikilia joto lisicheze hata kidogo, na pembeni ya njia ya kingamwili tuna njia nyingine isiyo na kingamwili, tunapitisha seramu ileile kote kuwili tunatoa tofauti. Sasa chukua kifaa hicho kiweke kwenye chumba chenye dirisha moja Kigoma saa saba mchana umeme unakatika unarudi. Sisemi haiwezekani, watu wanaitafutia dawa kila siku, wengine wanaachana na kioo kizima cha dhahabu wanatumia chembe za dhahabu zinazobadilika rangi zikikutana, nyekundu inakuwa zambarau unaona kwa macho, wengine wanatumia nyuzi za kioo kama zile za intaneti wanazichuna ganda sehemu moja mwanga uvujie nje ukutane na sampuli, na kuna wanaotumia Cas12 na Cas13, vile vimeng'enya vya kukata jini, ukimwonyesha jini la kirusi anaanza kukata kila kamba iliyo karibu, na kamba ukiwa umeiwekea rangi iliyofungwa inafunguliwa inang'aa. Hii ya mwisho ndo naipenda kuliko zote, hata kuliko yangu, kwa sababu inaongeza ishara badala ya kuhangaika na ishara ndogo.

Nimalizie na kitu kimoja ambacho nakipenda kumwambia kila mtu. Kirusi hiki mara ya kwanza kabisa kilionekana kama mstari. Baruch Blumberg, Mmarekani, alikuwa hata hatafuti homa ya ini, alikuwa anatafuta tofauti za protini za damu kati ya watu wa mataifa mbalimbali. Akakutanisha kwenye jeli seramu ya mtu aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi na seramu ya mwenyeji wa asili wa Australia, zikakutana zikachora mstari mweupe. Ikaitwa antijeni ya Australia, ikatangazwa 1965, baadae ndo ikajulikana kuwa ni HBsAg hii hii, na Nobeli akapata 1976. Siku ya homa ya ini duniani tarehe 28 Julai ni siku aliyozaliwa. Kwahiyo kumtafuta kirusi huyu kwa macho na mwanga sio jambo geni, ila damu ilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Mwana_Uyole

Daah wakuu asanteni, nimesoma mara tatu. Kaka nimemsomea ya kijiti na umri, akanyamaza, hajakubali ila amenyamaza.

Ila ana hoja moja imenishinda kujibu. Anasema kuna jirani yetu kabisa alikutwa na hepa B hospitalini, akanywa unga wa yule yule jamaa, akarudi hospitali hiyo hiyo kwa kipimo chenu hicho cha mstari akakutwa hana. Na ni kweli, karatasi zote mbili nimeziona. Hiyo mnaisemaje?

FundiMaabara_Dom

Hoja nzuri hiyo na wala sio ya uongo, inatokea. Sikiliza.

Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa hepa B leo, kwa zaidi ya 90 katika 100 mwili wenyewe unamtoa kirusi ndani ya miezi sita. Bila unga, bila kidonge. Mtoto mchanga ni kinyume chake, wakiambukizwa 100 kama 90 hivi kinabaki nao ukubwani, na ndo wengi wa wenye hepa B ya kudumu huku kwetu, walikipata wadogo hawajijui. Sasa jirani yako inawezekana alipimwa wakati maambukizi ni mapya, akanywa unga miezi miwili mitatu, mwili ukafanya kazi yake, sifa ikaenda kwenye kopo. Yule muuza unga kila mia akiuzia anapata mashahidi, na wale waliobaki na kirusi hawarudi kutoa ushuhuda.

Ndo maana sisi hatusemi hepa B sugu mpaka HBsAg ionekane tena baada ya miezi sita. Kaka alipimwa mwezi wa sita, kwahiyo arudie mwezi wa kumi na mbili hata kama anajisikia simba. Na kipimo kimoja hakitoshi kusema lolote kubwa, kuna HBsAg kuonyesha kama kirusi kipo, kuna kingamwili za kiini cha kirusi aina ya IgM zinazosaidia kujua kama ni kipya, kuna ALT ya hali ya ini, alafu wingi wa virusi. Watu wanachukulia "nimekutwa nacho" kama hukumu kumbe ni swali la kwanza tu.

Na jirani akachunguzwe vizuri pia, kaseti ya haraka inaweza kukosa mtu mwenye antijeni kidogo ambayo mashine kubwa ya maabara ingeiona. Hapo ndo natamani vifaa vya huyo ndugu wa Sweden vije, nipate uwezo wa mashine kubwa kwenye meza ya zahanati.

SalamaNyali

Assalam aleikum ndugu zangu, mimi ni muuguzi Mombasa, naingia nikiwa nimechelewa.

Kwanza huyo bibi mjamzito. Mwana_Uyole, akipatikana hana, adungwe chanjo, ni sindano tatu, ya kwanza sasa, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita, na ujauzito si kizuizi. Akipatikana nacho asilie, kuna la kufanya. Mama mwenye virusi vingi, kuanzia IU 200,000 kwa mililita (IU ni kizio cha kuhesabia virusi), anapewa tenofovir kuanzia miezi ya katikati ya mimba ili mtoto asipate, na mtoto achanjwe ndani ya masaa 24 ya kuzaliwa. Hizi za wiki ya sita, kumi na kumi na nne anazopata kila mtoto ni nzuri lakini kwa mtoto wa mama huyu zimechelewa, muulizeni mkunga mapema chanjo ya siku ya kwanza inapatikana wapi, msingoje siku ya uchungu. Na pale ambapo hakuna mashine ya kuhesabu virusi, WHO tangu 2024 wanaruhusu mama mwenye HBsAg apewe dawa bila kusubiri ile namba.

Kuna jambo lingine hapa watu wamelipita. Mnaongea B tu, mimi kazi yangu ni C, kwa vijana wa dawa za kulevya waliokuwa wakijidunga. Kipimo cha haraka cha C kinatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki hata mtu akipona kabisa. Kijana anameza sofosbuvir na daclatasvir wiki kumi na mbili, anapona, zaidi ya 95 katika 100 wanapona, kisha anaenda kupimwa kazini anaambiwa una hepatitis C. Nimewaona wakilia mbele yangu kwa mstari huo. Tunachohitaji ni kifaa cha kuona kirusi chenyewe, jini lake au protini ya kiini chake, hapo hapo kliniki kabla kijana hajaondoka, kwa sababu ukimwambia njoo wiki ijayo wengine hurudi na wengine hatuwaoni tena. Mwanga, umeme, sijali ni nini. Kikiwa kinaona kirusi chenyewe nusu saa mimi nitakibeba kichwani.

Ripoti ya WHO ya 2024 ilisema watu milioni 254 duniani wana B ya kudumu na milioni 50 wana C, na wa B waliokuwa wamejulikana ni 13 tu katika kila 100. Wamisri walianza 2018 wakapima C mamilioni kwa mamilioni ya watu wao, kwa vipimo hivi hivi vya kidole na mstari kisha PCR, kipimo cha kutafuta jini la kirusi chenyewe, kwa waliokutwa, wakatibu waliokutwa. Hawakungoja mashine mpya. Hilo nalo mulione.

NuruNaDhahabu

Dada Salama shikamoo, hilo la kijana anarudi au harudi nimeliandika ukutani kwangu. Nasema kweli, sisi huku tunashindana nani kaona antijeni chache zaidi, na swali lako la nusu saa kwenye damu ya kidole nzima nzima bila kuizungusha kwenye mashine ni gumu kuliko yetu na lina maana zaidi. Kuna wenzangu wanafanya vichujio vidogo vya kuzuia seli nyekundu zisifike kwenye dhahabu, nitawaambia.

Mwana_Uyole

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimekaa kimya wiki mbili.

Shemeji kapimwa, hana. Nimeandika hivi mkono unatetemeka. Kachomwa chanjo ya kwanza siku hiyo hiyo, na karatasi ya tarehe ya pili nimeipiga picha iko kwenye simu yangu na ya mama.

Kaka alikubali sio kwa maneno yangu. Alienda kwa jamaa wa kijiti akasema umri ni miaka 63 na ana 38, akaambiwa virusi vimerudi tena vingi. Akatoka hapo kaja moja kwa moja kwangu amekaa kwenye kochi hajasema kitu mpaka chai ikapoa. Kesho yake tukaenda hospitali. HBsAg bado ipo. Wamemtoa damu kwa ajili ya ALT na wingi wa virusi, wakapima na HIV kwanza wakasema ni lazima kabla ya dawa yoyote, ile sampuli ya wingi imepelekwa hospitali ya rufaa, tumeambiwa siku kumi. Ameniuliza kama kuna haja ya kutenga sahani na vikombe nikashindwa kumjibu.

FundiMaabara_Dom

Hakuna haja mkuu, kuleni naye sahani moja kama zamani. Hakisambai kwa chakula wala kukumbatiana. Wembe, mswaki na kifaa cha kukatia kucha ndo kila mtu awe na chake, na yeye na mkewe kondomu mpaka chanjo za mke zikamilike. Nyie wengine wa nyumba hiyo pimeni, wasio nacho wachanjwe, na mama yenu apimwe pia.

Karatasi ya wingi wa virusi ikija angalia kizio, iwe IU kwa mililita. Daktari ataangalia kama imezidi 2,000 na ataisoma pamoja na ALT na hali ya ini, usimtafsirie kaka wewe namba peke yake. Na ule unga aliobaki nao mwambie aache sasa hivi, aubebe kopo lake amwonyeshe daktari siku ya kliniki.